Wakili Anahitajika Kituoni, Si Kortini Tu

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakimngoji mshukiwa afike kortini ndipo apate wakili. Haki hiyo huanza pale pale anapokamatwa, sawa na haki ya kunyamaza.

Saa hizo za mwanzo ndizo za hatari. Mshukiwa amevuliwa mshipi na viatu, simu yake imebaki kaunta, na mbele yake kuna maelezo yanayosubiri sahihi. Sheria ya Ushahidi inataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiyechunguza kesi hiyo, wa cheo kilichowekwa na sheria, pamoja na mtu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Atamwitaje bila simu?

Mawakili nao wamelipa kwa damu. Juni 2016, wakili Willie Kimani alitekwa na kuuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi. Mwaka 2022 polisi watatu na mpashaji habari wao walipatikana na hatia ya mauaji hayo.

Ili haki hiyo ya wakili ifike kituoni, nambari za mawakili wa zamu zibandikwe kwenye kaunta ya kila kituo, na saa ambayo mshukiwa alipiga simu iandikwe katika kitabu cha matukio.