Mahasimu wa blogu na mlango wa kutokea

Kampuni zinazotengeneza programu za blogu hupenda kujisifu kwamba zote ni familia moja. Wanavyoitana si hoja. Hoja ni hii: mwandishi akiichoka programu yao, anaondoka na maandishi yake yote au anaacha nusu?

Mei 2004 swali hilo lilijibiwa hadharani. Six Apart, kampuni ya Marekani ya Ben na Mena Trott, mtu na mkewe, ilitangaza toleo la 3.0 la Movable Type, programu iliyopendwa na wanablogu wengi wa wakati ule. Leseni ya bure ikabanwa: mwandishi mmoja, blogu tatu, basi. Anayezidi hapo, alipe. Mark Pilgrim, mmoja wa watumiaji wake, alipiga hesabu akakuta anatakiwa kutoa dola 535. Fedha hizo akawachangia watengenezaji wa WordPress, mradi huria uliokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, naye akahamia huko. Wengi wakafuata.

Waliwezaje kuhama? Six Apart wenyewe walikuwa wamewawekea mlango. Movable Type iliweza kutoa makala zote katika faili moja la maandishi matupu: juu jina la mwandishi, kichwa na tarehe, vistari vitano, makala yenyewe, kisha vistari vinane kabla ya makala inayofuata. Hata asiye fundi angelisoma akaelewa. WordPress ikatengeneza njia ya kulipokea faili hilo, na watu wakahama na mizigo yao. Wapo watakaosema Six Apart walijichimbia kaburi. Sikubali. Kilichowaponza ni leseni iliyowashtua wateja. Mlango ule ulikuwa sababu mojawapo ya kuaminiwa.

Mahasimu hao wamewahi pia kushikana mikono, hasa pale adui alipokuwa mmoja. Januari 2005, Google, Yahoo na MSN walikubaliana na watengenezaji wa programu za blogu, Six Apart na WordPress wakiwemo, kutumia alama ya nofollow kwenye viungo vinavyoachwa katika maoni, ili watangazaji taka wasijipandishe daraja kwenye injini za utafutaji. Maoni taka hayakuisha, lakini makubaliano yenyewe yalifikiwa. Septemba 2010 Microsoft, iliyokuwa ikifunga huduma yake ya Spaces, iliwaelekeza watumiaji wapatao milioni 30 kwenye WordPress.com. Huo haukuwa upendo. Ilikuwa imeichoka biashara hiyo, na wateja walihitaji pa kwenda.

Ugomvi uliozuka katika WordPress mwaka 2024 ndio unaotia shaka. WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, na yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha. Lakini programu-jalizi na masasisho hupitia WordPress.org, na Matt Mullenweg, mwanzilishi mwenza wa WordPress na mkuu wa kampuni ya Automattic, amesema tovuti hiyo ni yake binafsi. Alipoitaka WP Engine, kampuni ya kuhifadhi tovuti, ilipe asilimia 8 ya mapato yake na ikakataa, Septemba aliifungia seva za WordPress.org. WP Engine ikaenda mahakamani. Oktoba, programu-jalizi yao mashuhuri, Advanced Custom Fields, ilichukuliwa pale pale kwenye bohari ya WordPress.org na kupewa jina jipya. Wenye tovuti zinazojisasisha waliletewa mbadala bila kuulizwa.

Kwa hiyo msimbo ulikuwa huria, ila njia ya kuufikisha kwa watu ilikuwa na mwenyewe. Ukurasa wa kuingilia WordPress.org uliwekewa hata kisanduku cha kutia tiki kuthibitisha kwamba huna uhusiano na WP Engine. Desemba mahakama huko California ilitoa amri ya muda ya kuyaondoa hayo yote. Kisanduku kikarudi na sharti jingine: ukiri kwamba nanasi kwenye pizza ni tamu. Nilicheka, kisha nikajiuliza ni kampuni gani nyingine ingefanya utani kama huo kwenye lango linalotegemewa na washindani wake.

Mullenweg ana hoja anaposema wanaovuna kwenye mradi huria wauchangie. Mchango wa namna hiyo ungepaswa kupangwa mapema, kwa kanuni inayowabana wote, Automattic ikiwemo. Juni 2025 Linux Foundation ilitangaza FAIR, mradi wa kusambaza programu-jalizi za WordPress bila kutegemea seva ya mtu mmoja. Huko ndiko ningependa kuona mahasimu hawa wakipeleka fedha na mafundi wao.