Barabara mpya ya Jinja: tutasimama wapi?



Kila muhula unapofunguliwa, vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu huondoka Kampala kwenda Mbale, safari ya zaidi ya kilomita 200. Njiani basi husimama pale dereva atakapo, na mara nyingi ni Namawojjolo, baada ya Mukono. Wauzaji hukimbilia madirishani na kuku wa kuchoma, maini na gonja, kondakta anapiga bodi, na gari linaondoka. Mama mwenye mtoto mdogo hapati hata muda wa kuulizia choo kilipo.

Sasa serikali ina mpango wa barabara ya mwendo kasi, kilomita 77 kutoka Kampala hadi Jinja na nyingine 18 za kupita kusini mwa jiji. Mpango huu umezungumzwa miaka mingi. Watu wanabishana juu ya mkopo na tozo, nao wana haki. Sisi tunauliza jambo ambalo halisikiki sana: wasafiri watasimama wapi?

Barabara ya aina hii hufungwa pande zote. Unaingia na kutoka penye milango yake tu, hakuna kuvuka kwa miguu wala kuuza madirishani. Kwa usalama ni jambo jema kabisa. Lakini maana yake ni kwamba kituo kisichochorwa kwenye ramani tangu mwanzo hakitajiotea chenyewe kama Namawojjolo ilivyojiotea. Barabara ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kuanza kutozwa ada Januari 2022, haikutuonyesha tatizo hili kwa sababu ni fupi, mtu huimaliza kabla hajachoka. Ya Jinja ni kipande cha njia kuu itokayo Mombasa kuelekea Rwanda na Kongo. Dereva wa lori anayefika hapo akitokea bandarini ameacha nyuma zaidi ya kilomita 1,000, na usingizi hauulizi ruhusa.

Wengine walishalifikiria jambo hili zamani. Uingereza ilipofungua barabara yake ya M1 mwezi Novemba 1959, kituo cha Watford Gap kilifunguliwa siku hiyo hiyo. Leo mwongozo wao unataka vituo visiachane zaidi ya maili 28, yaani kama kilomita 45, na msafiri aegeshe hadi saa mbili na atumie choo bila kulipa wala kulazimika kununua kitu. Kwa hesabu hiyo, kati ya Kampala na Jinja panahitajika kimoja, kila upande.

Watasema: vituo vya mafuta vipo, kwa nini serikali inunue ardhi zaidi? Ardhi ni ghali, kweli, na fidia huchelewesha miradi. Ila kununua ekari chache sasa ni rahisi kuliko kurudi baada ya miaka kumi, majumba yakishajengwa kando. Na kituo cha mafuta ni biashara ya mtu. Choo chake kikifungwa kwa kufuli, utamshitaki wapi?

Linalotuhangaisha zaidi ni wale wauzaji. Magari yakihamia barabara mpya, watoto wanaosomeshwa kwa kuku na gonja watasomeshwa na nini? Tukiacha kituo kiendeshwe na kampuni moja kubwa, tutakula soseji za kupashwa moto. Japani walipata njia nzuri mwaka 1993: maegesho na vyoo ni vya bure usiku na mchana, na pembeni duka la mazao ya wakulima wa eneo lile. Leo wana vituo zaidi ya 1,200. Hapa kwetu, vibanda vya kituo kipya vitengwe kwanza kwa watu wa Namawojjolo na Najjembe, kwa kodi wanayoiweza. Na tukikaa nao mahali pamoja tutaweza hata kuuliza kuku huyu kachinjwa na nani, swali lisilojibika dirishani.

Kisha mahali pa kuswali. Msafiri ameruhusiwa kupunguza na kukusanya swala, lakini bado anahitaji maji na sehemu safi. Malaysia vituo vya mapumziko vya barabara zao kuu vina chumba cha swala, na hakuna anayeona ajabu. Chumba kidogo, bomba la kutawadhia, upande wa kina mama: gharama yake haifiki hata ya mita chache za lami.

UNRA ilivunjwa mwishoni mwa mwaka 2024, kwa hiyo maombi haya sasa yanakwenda Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Wazazi wenye watoto Mbale, na wanafunzi wenyewe, andikeni barua sasa, michoro ikiwa bado inaweza kubadilishwa. Mtaje kituo, mtaje wauzaji, mtaje choo.