Una Noti ya Mbao ya Moi? Soma Hii Kabla Uitishe Laki Tano

Hiyo post umeiona. Mtu amepiga picha ya noti ya mbao yenye sura ya Moi, chini ameandika "laki tano, njoo inbox". Wewe nawe unakumbuka shosho ako na tatu kama hizo ndani ya Biblia. Maze, tulia kwanza.

Noti haipandi bei juu tu ni ya kitambo. Bei inaletwa na vitu viwili: ziko ngapi, na yako iko hali gani.

Cheki thao ya zamani. Ilikufa Septemba 30, 2019, na Benki Kuu ikasema noti kama milioni 7.4 hazikurudishwa. Milioni saba! Hiyo si adimu, na dukani haikununulii hata mkate. Punch na soo za wakati huo hazikufutwa, kwa hivyo nyingi bei yake ni ile imeandikwa hapo mbele.

Wakusanyaji wanasaka nini basi? Noti za kwanza za Benki Kuu, za 1966, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Nyuma zaidi kuna zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zenye picha ya Malkia Elizabeth. Zilizobaki safi ni chache.

Na usafi ndio mchezo wote. Noti mbili za mwaka mmoja zinaweza kuachana bei mbali sana kwa sababu moja haijawahi kukunjwa. Inua yako kwenye mwanga: angalia mikunjo, tundu za stepla, maandishi ya kalamu, pembe zilizochakaa. Usiioshe na usiipige pasi. Mkusanyaji atajua tu, na bei itashuka.

Bei anayoitisha muuzaji pia isikubambe, kuitisha ni bure. Ingia eBay, chagua zilizouzwa tayari, tafuta inayofanana na yako kwa mwaka, sahihi na hali. Hiyo ndiyo bei ya soko.

La mwisho, na shika hili vizuri: mnunuzi wa ukweli anakulipa wewe. Akikuambia utume kwanza pesa ya usajili ama ya "kuthibitisha noti", huyo hana haja na noti ya shosho. Anataka kilicho kwa M-Pesa yako. Block, songa mbele.