Jaji Lihau: Wanayosema na Yaliyokuwa

Tangu Rais Félix Tshisekedi atangaze akiwa Kisangani, Oktoba 2024, kwamba ataunda tume ya kuitazama upya Katiba, mabishano hayajalala. Hapa Karavia, Lubumbashi, kwenye meza zinazotazama ziwa, wanasheria na wasio wanasheria wanabishana mpaka bia inapata moto, na jina la Marcel Lihau halikosi kutajwa. Mmoja anamtaja kama mtakatifu, mwingine kama mtumishi wa Mobutu. Pande zote mbili zinakosea miaka, na katika habari hii miaka ndiyo ushahidi wenyewe.

Kwa wasiomjua: alizaliwa 1931, mtu wa Bumba, Equateur, akasoma sheria Leuven, Ubelgiji, wakati Wakongomani waliosoma sheria walihesabika kwa vidole. Mwaka 1963 alikuwa mkuu wa kitivo cha sheria katika Chuo Kikuu cha Lovanium, 1964 katibu wa tume iliyoandika Katiba ya Luluabourg, 1968 mkuu wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Baadaye akawa mmoja wa waasisi wa chama cha upinzani cha UDPS. Mkewe, Sophie Kanza, ndiye mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi hii, 1966.

"Lihau ndiye aliyeikata Katanga vipande." Dai hili linapendwa sana Lubumbashi, na ndilo dhaifu kuliko yote. Sheria iliyofungua mlango wa majimbo mapya ilipita 1962, Moïse Tshombe akiwa bado anaitawala Katanga kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kama nchi yake, na Nord-Katanga ikapata jimbo lake mwaka huohuo. Tume ya Luluabourg, chini ya uenyekiti wa Joseph Iléo, ilikaa kuanzia Januari 1964. Ilikuta kisu kimeshapita. Katiba iliorodhesha majimbo 21, yakiwemo Katanga-Oriental, Lualaba na Nord-Katanga, kwa sababu ndivyo nchi ilivyokuwa tayari. Zaidi ya hapo, Tshombe mwenyewe, waziri mkuu tangu Julai 1964 mpaka Oktoba 1965, alitawala chini ya Katiba hiyohiyo. Aliyeyaunganisha majimbo ni Mobutu. Aliyeyagawa tena 2015, tukapata Haut-Katanga yetu hii, ni serikali ya Joseph Kabila, kwa Katiba ya 2006. Wenye hasira na mgawanyo wawe na hasira na watu sahihi.

Dai la pili ni zito, na silipingi lote: "Alikuwa katika serikali iliyomleta Lumumba kufa kwetu." Ni kweli. Septemba 1960 Mobutu aliwaweka wanasiasa pembeni, akaunda Baraza la Makamishna, vijana waliotoka vyuoni au waliokuwa bado wanasoma. Idara ya Sheria ilikuwa mikononi mwa Lihau, na msaidizi wake alikuwa Étienne Tshisekedi, baba yake Félix. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ilitua Luano, uwanja wa ndege wa Elisabethville. Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito, walishushwa wakiwa wameshapigwa njiani, wakafungiwa katika nyumba ya Brouwez, usiku wakapelekwa Shilatembo wakauawa kwa risasi. Hakuna mahakama iliyokuwa imewahukumu. Barabara ya kwenda Likasi inapita karibu na mahali pale. Wengi wetu tunapita bila hata kugeuza shingo.

Wanaomtetea wanasema alikuwa na miaka 29 tu, na nguvu halisi ilikuwa kwa Mobutu, Rais Kasa-Vubu, mkuu wa usalama Nendaka na Wabelgiji waliowazunguka. Kuhusu nguvu, sawa. Lakini mwanasheria aliyeshika Sheria wakati waziri mkuu aliyechaguliwa anasafirishwa kama mzigo kwenda kwa adui zake hawezi kujificha nyuma ya umri. Ila kutoka hapo mpaka kusema yeye ndiye aliyeamuru mauaji, kama nilivyosikia mzee mmoja akisema kwa sauti ya uhakika, ni kuruka mto pasipo daraja. Walioamuru na waliofyatua wanajulikana, na mawaziri wa Katanga walikuwepo palepale. Hilo wapenzi wa Tshombe huwa hawalitaji.

"Alimwandikia Mobutu katiba ya udikteta." Nusu kweli. Baada ya kunyakua madaraka Novemba 1965, Mobutu alimpa Lihau kazi ya kuandaa katiba mpya, naye akaifanya. Katiba ya 1967 iliondoa waziri mkuu, ikampa rais meno, ikayanyima majimbo uhuru uliokuwa umeandikwa Luluabourg. Hapo Lihau alibomoa alichokijenga mwenyewe miaka mitatu nyuma, na sioni namna ya kulipamba jambo hilo. Hata hivyo maandishi ya 1967 bado yaliruhusu vyama viwili. MPR, chama cha Mobutu, kuwa chama pekee kulikuja na marekebisho ya Desemba 1970, na mahakama kufanywa chombo cha chama kulikuja na yale ya Agosti 1974. Wakati huo Lihau alikuwa amekaa kwenye kiti cha jaji, si kwenye meza ya waandishi wa katiba.

Wafilipino wameishi na swali hilihili la mwanasheria anayetakiwa kumtumikia mtawala. José Laurel alikuwa mmoja wa walioandika Katiba yao ya 1935, akawa jaji wa Mahakama ya Juu, kisha Wajapani walipoivamia nchi akakubali kuwa rais chini yao, 1943 mpaka 1945. Jaji Mkuu José Abad Santos alikataa kuwatumikia, wakamwua Mindanao, Mei 1942. Laurel alishitakiwa kwa uhaini, akasamehewa, na 1951 wananchi wakamchagua seneta. Huko wana watu wawili, mmoja aliyekubali na mmoja aliyekataa. Sisi tuna mtu mmoja aliyefanya yote mawili.

Maana kuna 1975, na hapa ndipo uongo unapoudhi: "Alifukuzwa kwa ugomvi wa vyeo tu." Hapana. Wanafunzi walikuwa wameandamana, ikatakiwa wapewe adhabu kali, na Lihau akakataa kuitekeleza. Tazama wakati wenyewe. Ulikuwa haujatimia mwaka mmoja na nusu tangu sheria iseme kwamba jaji ni mtumishi wa chama. Aliyeongoza mahakama alijua kabisa analokataa na anayemkataa. Mobutu alimwondoa papo hapo, akamfungia nyumbani. Ugomvi wa vyeo hauishii na askari mlangoni. Angetaka cheo, alikuwa nacho. Ilitosha kutia sahihi.

"Jaji akiingia siasa anaichafua mahakama." Kama kanuni, nakubali. Lakini kwa Lihau kanuni hiyo haina pa kushika: aliingia upinzani baada ya kuvuliwa joho. UDPS ilizaliwa Februari 1982, akiwa pamoja na watu kama Étienne Tshisekedi na Kibassa Maliba, huyo wa kwetu Katanga. Wale wanaosema Lihau ni mambo ya watu wa Equateur wakumbuke kwamba aliyekuwa anatoka jimbo moja na Mobutu ndiye aliyekaa meza moja na Mkatanga kumpinga.

Na lile la kwamba alikimbilia Marekani kula maisha? Kabla ya kuondoka 1985 alinyimwa haki zake, akapelekwa uhamishoni kijijini, afya ikaharibika. Akafundisha sheria ya katiba Harvard. Milango ilipofunguka 1990 alirudi, akashiriki Kongamano Kuu la Taifa. Alikwenda tena Marekani kutibiwa, akafia huko Aprili 1999. Sioni raha iko wapi.

Kwa vijana wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), kabla tume yoyote haijaitwa: ichukueni Katiba ya 1964 na ile ya 1967, ziwekeni mezani sambamba, someni sehemu za majimbo na za rais. Zote mbili zimepita mikononi mwa mtu mmoja. Kisha mwulizeni kila atakayeteuliwa leo kuandika ya kwetu: ukiagizwa uandike ile ya pili, utakataa?