Mbuyu Huzungukwa kwa Sababu

Kuna karipio ambalo siku hizi limekuwa alama ya usomi Dar es Salaam: "Nenda kwenye pointi." Utalisikia kwenye madirisha ya ofisi Temeke, kwenye vikao vya vikoba Mbagala, na kwa vijana wa Tegeta wanaolalamika kwamba shangazi hawezi kupiga simu bila kuuliza kwanza habari za watoto, za kazi na za mvua. Nyuma yake kuna imani kwamba Mswahili anazunguka mbuyu, anatangaza kuwa atasema badala ya kusema, ilhali Mzungu hulitamka jambo lake mara moja na kuondoka. Naipinga imani hiyo yote. Kuhusu Mzungu si kweli, na Mswahili inamdhulumu.

Wasikilize Waingereza na Wamarekani wakizungumza wenyewe kwa wenyewe, kwenye filamu zao au mahojiano ya redio. "Sitakudanganya," halafu ndipo anasema. "Niwe mkweli kwako," halafu ndipo anasema. "Usinielewe vibaya, lakini..." Wataalamu wao walikwishaliona hilo zamani. Harvey Sacks, aliyefundisha vyuo vikuu vya California kuanzia miaka ya 1960, alijiuliza kwa nini watoto hupenda kuanza na "unajua nini?" Akaona kwamba mtoto ana haki ndogo ya kuongea mbele ya wakubwa. Akiuliza hivyo, mkubwa hujibu "nini?", na kwa jibu hilo mkubwa mwenyewe anakuwa amempa mtoto zamu ya kusema. Mwaka 1980 mwenzake, Emanuel Schegloff, alichapisha makala nzima kuhusu Wamarekani wanaotanguliza "naweza kukuuliza swali?" Mara nyingi, alionyesha, swali lenyewe halifuati hapo hapo. Hutangulia maelezo ya mambo ambayo msikilizaji anapaswa kuyajua, ndipo swali lije. Yale maneno ya mwanzo humwambia: vumilia, haya ninayoyasema sasa bado siyo swali.

Sasa njoo kwenye dirisha lolote la ofisi ya mtaa. Mama wa Chamazi anasema, "Samahani mwanangu, nilikuwa naomba kuuliza. Mimi nimepanga hapa nyuma ya msikiti, mume wangu kasafiri, sasa kadi ya mtoto waliandika jina la baba yake mdogo..." Anakatizwa: "Mama, nenda kwenye pointi." Anashtuka, anayaruka maelezo yote, anasema anataka barua ya utambulisho. Anaandikiwa. Barua haimsaidii kitu, kwa sababu tatizo lake lilikuwa lile jina, na jina lilikuwamo kwenye maelezo aliyozuiwa kuyatoa. Kesho atalipa nauli tena na kupanga foleni tena. Kijana wa dirishani ataamini ameokoa dakika mbili, kumbe mama wa watu amepoteza siku nzima, na hata huyo kijana atamwona tena asubuhi.

Angalieni pia nani humkaripia nani. Bosi hatangazi kwamba ana neno. Akifungua mdomo watu wananyamaza. Anayehitaji kusema "samahani, nina shida kidogo" ni mpangaji mbele ya mwenye nyumba, dada wa kazi mbele ya mama mwenye nyumba, mkwe mbele ya wakwe, mgonjwa mbele ya daktari. Huyo anabisha hodi, na mwenye mlango anamwambia hodi ni kupoteza muda. Mtu akikwambia hivyo hajakufundisha ufupi. Amekunyima karibu.

Ajabu ni kwamba wenye nafasi wenyewe wanapokaa kuamua mambo mazito hujiwekea utaratibu ule ule. Bungeni Dodoma, mbunge anayetaka kumkatiza mwenzake hawezi kuropoka tu. Husimama akataja kwanza aina ya kile anachotaka kusema: taarifa, au kuhusu utaratibu, au mwongozo wa Spika. Akiruhusiwa ndipo aendelee, na wenzake wameshajua wasikilize nini. Huo unaitwa kanuni. Bibi wa Tandika akisema "wanangu, nina neno" anaambiwa ana maneno mengi. Watoto wake walijifunza kanuni hiyo hiyo kabla ya kujua kusoma: "Kitendawili!" Na kama hakuna aliyejibu "tega", kitendawili hakitegwi.

Nakubali kuna utangulizi nisioutetea. Ile orodha ya waheshimiwa kwenye mikutano, cheo kwa cheo, huku watu wamekaa juani, haimwambii msikilizaji chochote kuhusu kinachokuja. Inamwambia tu nani ni mkubwa. Orodha hiyo ifupishwe hata leo, sitaililia. Lakini wanaoichukia wasiitumie kama fimbo ya kumpigia shangazi.

Maana kuna siku ambayo kila mmoja wetu atamhitaji shangazi huyo. Simu inaita saa kumi alfajiri. "Uko wapi?" Nyumbani. "Uko na nani hapo?" Na mke wangu. "Mgonjwa wetu amezidiwa, jitahidi uje." Anayepiga anajua mgonjwa alishafariki saa nane. Kuna wanaouita huo uongo, nami nasema hawajawahi kupigiwa simu ya namna hiyo, au waliipokea wakasahau. Swali la kwanza linahakikisha kwamba hupo barabarani wala juu ya bodaboda. La pili linahakikisha kuna mtu wa kukushika. Neno la tatu, lile la mgonjwa kuzidiwa, linakupa muda wa kutafuta nguo na nauli ukiwa bado unaweza kusimama. Na mara nyingi mfiwa mwenyewe ndiye anayelitamka: "Amekufa?" Upande wa pili unasema, "Ndiyo, mwanangu." Habari imefika, imefika kwa kasi ambayo moyo wa mtu ungeweza kuibeba. Nani atathubutu kumwambia mpigaji huyo kwamba angekwenda kwenye pointi?

Na kama ufupi ndio ukweli, tuwatazame mabingwa wa ufupi tulionao. Kila mwenye simu Tanzania anaufahamu ujumbe huu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Hauna salamu, hauna samahani, hauna "mimi ni fulani". Umeanza kwenye pointi na kuishia kwenye pointi, na watu wamelizwa kodi za nyumba na ada za watoto kwa ujumbe huo. Tapeli hakuacha salamu kwa haraka. Ameiacha kwa sababu salamu huzaa jibu, na jibu huzaa maswali: nani mwenzangu, hela ipi, mbona namba ngeni? Anataka mkono wako utume kabla hujauliza. Mwenye nyumba wako wa kweli angeanza na habari za toka juzi, watoto wazima, samahani kwa usumbufu, ile laini yangu imepata matatizo. Na wewe, ukisoma hayo yote, ungempigia kwanza umsikie sauti.