TAHARIRI: Njahi isingoje harusi

Ukitaka kula njahi Nairobi siku hizi, subiri mtu aoe. Au ajifungue, kwa sababu mama aliyezaa bado hupikiwa njahi ili apate maziwa. Siku ya ruracio utaipata imepondwa pamoja na ndizi, rangi yake ya kijivu haipendezi kwa picha, lakini wasee watajaza sahani mara mbili. Jumatatu tunarudi kwa chipsi na smokie kama kawaida.

Tunasema hivi: chakula kinacholiwa kwa sherehe pekee kiko njiani kuondoka.

Ushahidi tunao. Wagikuyu waliita mvua ndefu, ya Machi hadi Mei, mvua ya njahi. Ile fupi ya mwisho wa mwaka ikaitwa mvua ya mwere, yaani mawele. Msimu ulipewa jina la mmea ulioutawala. Sasa nenda Murang'a au Nyeri uulize mwere uko shamba gani. Jina utalipata kwa wazee. Mmea wenyewe labda ushuke hadi maeneo makavu ya Tharaka. Njahi ingali ipo, lakini isidhaniwe kwamba iko salama.

Haikupotea kwa bahati mbaya. Wakoloni walitaka maharagwe ya kuuza ng'ambo, na njahi nyeusi haikuwa na mnunuzi huko. Mahindi yakachukua nafasi ya mtama na mawele. Na hapa kuna kichekesho: mukimo wa viazi na mahindi tunaojigamba nao kama chakula cha mababu una viungo viwili vyenye asili ya Amerika. Hatusemi uache kuula, ni mtamu. Ila kabla yake kulikuwa na njahi, kunde, wimbi, viazi vikuu, terere, na hata thabai, ule mmea unaowasha mkono ukiugusa na ukichemshwa huwa mboga laini.

Najua utasema njahi inamaliza gesi. Ni kweli, na kijana wa bedsitter anayehesabu kila shilingi hawezi kulaumiwa. Lakini iloweke usiku kucha, mwaga maji, ichemshe kidogo na umwage tena maji yale meusi ili uchungu upungue, kisha ipike hadi iive. Sufuria ya presha hupunguza muda sana. Au mwambie yule mama anayeuza githeri iliyochemshwa kando ya barabara akuchemshie njahi pia. Wateja wakiuliza mara tatu, ya nne ataileta. Kaanga na kitunguu, ongeza ndizi mbivu kama unapenda utamu. Ukiwa na chapo, basi.

Shida kubwa kuliko gesi ni mbegu. Nyanya zetu walizihifadhi kwa kibuyu, zikiwa zimechanganywa na majivu kuzuia wadudu, na jirani aliyeishiwa aliomba kikombe. Kwa miaka mingi sheria yetu ya mbegu iligeuza ujirani huo kuwa kosa: kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa kungeweza kukuletea faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha miaka miwili. Wakulima wadogo 15 walienda kortini mwaka wa 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vipengele hivyo vinakiuka Katiba. Ushindi huo ulistahili kelele zaidi mitandaoni kuliko ilizopata.

Lakini korti haipandi mbegu. Kibuyu cha shosho akiondoka kitarithiwa na nani, ikiwa wajukuu wote wako Roysambu na Umoja na hakuna anayejua njahi hupandwa lini?

Kwa hivyo ukienda ushago kabla ya mvua ya Machi, usirudi na nduma na parachichi tu. Omba kikombe cha njahi, na uandike kwa simu namna shosho anavyoipika. Nusu kikombe pika. Zilizobaki zipande, hata kama ploti yenu haina udongo: njahi hutambaa, hivyo gunia moja la mchanga na mbolea kwenye balkoni, pamoja na kamba ya kupandia, vitatosha kuanzia. Majani yake machanga nayo ni mboga.