Mstari wa GPS si njia: maoni yangu kuhusu kulizunguka Ziwa Ellis

Leo naweka kando hifadhidata na lugha za programu. Nataka tuzungumze juu ya kutembea kwa miguu, hasa kulizunguka Ziwa Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya. Lakini msikimbie, hii bado ni mada ya teknolojia.

Kwa wasiopajua: ukitoka Embu kwa barabara ya Meru, unapita Chuka, kisha Chogoria. Hapo unaacha lami na kupanda kuelekea mlimani, katikati ya msitu na mianzi, hadi lango la hifadhi lililo karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko juu zaidi, kwenye nyika ya wazi yenye nyasi za vishungi na lobelia. Maji yake ni baridi na kina chake ni kifupi. Halina umaarufu wa Ziwa Michaelson, lililo chini ya ukuta wa mwamba uitwao Temple. Wala halina habari ya kusisimua kama Rutundu, ambako Prince William alimposa Kate Middleton mwaka 2010. Ni ziwa tu, na unaweza kulizunguka kwa utulivu wako.

Siku hizi kila anayepanda huko ana simu inayorekodi mwendo wake. Akishuka, anaitupa faili ya GPX mtandaoni, na mwingine anaipakua na kuifuata. Jambo zuri, sivyo? Mimi nasema hivi: mstari peke yake si njia. Kuuweka mtandaoni bila maelezo ni sawa na kutoa programu bila mwongozo wowote. Itafanya kazi kwenye mashine yako tu.

Nina sababu tatu.

Kwanza, usahihi. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Leo simu ya kawaida, chini ya anga wazi, hukosea kwa takriban mita 5. Ni maendeleo makubwa, lakini mita 5 ukingoni mwa ziwa ni tofauti kati ya nchi kavu na kinamasi. Na uzuri wa njia ya mzunguko ni kwamba inaumbua kifaa chako. Unamalizia pale ulipoanzia, kwa hiyo nukta ya kwanza na ya mwisho zingepaswa kukutana. Zitazame kwenye skrini: mara nyingi hazikutani. Wapima ardhi wanautumia ujanja huo tangu zamani kujua wamekosea kiasi gani. Tena, ukikaa nusu saa unakula chapati zako bila kuzima kurekodi, simu itachora utando wa buibui mahali ulipokaa, na kuongeza mita ambazo hukuzitembea. Kule Michaelson ni vibaya zaidi, kwa kuwa kuta za mwamba huziba na kurudisha mawimbi ya setilaiti.

Kuna na lile kosa letu la nyumbani. Sisi tunaishi juu ya Ikweta. Barabara ya Embu huikata kabla hujaingia mjini Meru. Mji wa Meru uko kaskazini kidogo, vilele vya mlima viko kusini kidogo. Programu ikipoteza alama ya kutoa kwenye latitudo, kilele cha Batian kinaruka zaidi ya kilomita 30 kuelekea kaskazini. Mtu anayeishi kusini, mbali na Ikweta, hawezi kuishi na hitilafu hiyo hata dakika moja, maana ataona mara moja yuko nusu nyingine ya dunia. Hapa kwetu namba zote mbili zinaanza na sifuri, na macho hayashtuki.

Pili, ziwa halitulii. Upande huu wa mashariki una misimu miwili ya mvua, na ziwa la kina kifupi hupanuka na kunywea. Mstari uliorekodiwa Februari, wakati wa kiangazi, unaweza kukupeleka majini Novemba. Faili haikwambii hivyo usipoangalia tarehe, na ni wangapi wanaoangalia? Wengi hufuata mshale wa bluu kama kondoo. Kila mmoja akipita mita chache kando ya mwenzake, palipokuwa na njia moja panatokea tatu. Nyasi za ardhi hiyo yenye maji na baridi hazioti upya haraka. Hii ni hifadhi ya taifa tangu 1949, si shamba la kufanyia majaribio.

Tatu, majina. Hebu yasome: Ellis, Alice, Michaelson. Vilele vikuu navyo, Batian, Nelion na Lenana, vilipewa majina ya viongozi wa Wamaasai na Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899. Wameru wanauita mlima huo Kirimaara, na waliuita hivyo kabla ya Mackinder kufunga kamba za viatu vyake. Sasa, OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa na Steve Coast mwaka 2004, ina nafasi ya kila lugha. Unaandika name:mer kwa Kimeru, name:mws kwa Kimwimbi na Kimuthambi, na jina la Kiingereza linabaki mahali pake. Hakuna anayenyang'anywa kitu. Lakini mara nyingi nafasi hizo huachwa tupu, kwa sababu simu hurekodi nukta, hairekodi mazungumzo. Vijana wa Kibera walituonyesha mwaka 2009, walipoichora mitaa yao wenyewe na kuweka kwenye ramani yale wanayoyajua. Mlima nao una wenyewe.

Hapa ndipo ninapokutana na hoja nzito. Mwongozaji wa Chogoria atasema: "Wewe unazungumza habari za ramani huria, mimi nina karo ya kulipa. Faili yako ikipakuliwa mara mia, nani ataniajiri?" Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Sisi watu wa kompyuta tunapenda kusema taarifa ziwe bure, tukisahau kwamba taarifa hizo mara nyingi ndizo mshahara wa mtu mwingine.

Jibu langu si kuficha. Asiye na mwongozaji wala ramani bado atapanda, na akipotea katika ukungu, wanaoamshwa usiku kwenda kumtafuta ni wale wale waongozaji. Jibu langu ni kwamba ramani nzuri haiwezi kutengenezwa bila wao. Simu haijui kichwa kinachokuuma kwenye mita 3,500 ni cha kawaida au ni cha kukurudisha chini. Haijui nyati alipita wapi asubuhi. Haijui jina la kijito. Kwa hiyo anayetaka kuchora mzunguko wa ziwa aende na mwenyeji, amlipe siku yake kamili, na juu yake amlipe kazi ya kuchora, kwa sababu ni kazi. Nakala ya faili ibaki kwa mwongozaji pia. Je, hiyo itazuia kila mtu kwenda peke yake? Hapana. Lakini anayepakua atakuta maelezo yanayomwambia ukweli, badala ya mstari mwekundu unaomdanganya kwamba mlima ni rahisi.

Basi, kabla hujabofya kitufe cha kupakia, andika haya: tarehe na msimu; mahali ardhi inapozama; mahali pa kugeukia ukungu ukishuka; kwamba umemega vipande vya kupumzika; na majina kama wenyeji wanavyoyataja, si kama ulivyoyasikia wewe. Ukiona tayari kuna mstari wa mwingine mita chache kutoka kwako, usiongeze wa pili. Rekebisha uliopo.

Anzeni mapema asubuhi, maana mawingu hupanda mchana. Na kama kwenu mna mzee anayejua ziwa hili liliitwaje kabla ya kuitwa Ellis, muulizeni wiki hii. Nafasi ya kuliandika ipo.